Je, Aliyekufa ni Jirani Yetu?



Jioni moja tulikuwa Bagamoyo, tumeketi barazani kwa jirani mmoja pamoja na watu waliokuja kupunga upepo. Jua lilikuwa limekwisha kushuka upande wa bara, na majahazi yaliyotoka Unguja yalikuwa yamelala ubavu juu ya mchanga, yakingoja maji yajae. Mazungumzo yalianza kwa bei ya samaki, yakaenda kwenye mvua, kisha, kama ilivyo desturi ya barazani, yakawafikia watu. Mmoja wetu akaitaja habari ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, yule aliyetoroka, kama wasemavyo, pamoja na Mzungu wake.

Msimulizi alikuwa na ulimi mwepesi. Alieleza jinsi wawili wale walivyotazamana kutoka darini, akaeleza maneno waliyonong'onezana usiku, akaeleza mimba na hasira ya Sultani, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwapo amejificha nyuma ya pazia. Watu walicheka sana. Nasi, tusifiche, tulicheka pamoja nao.

Palikuwapo bibi mmoja mzee aliyeketi kando akisuka ukili. Kicheko kilipokwisha akauliza, "Na yule mtoto, wajukuu zangu, alikuwaje?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Msimulizi akajibu, "Bibi, hiyo mimi sikuisikia." Yule bibi akasema, "Mimba mmeijua, mtoto hamkumjua," akaendelea na ukili wake.

Neno hilo lilitukaa moyoni hata tukashindwa kulala upesi. Tulijiuliza: Je, tumekosa nini? Bibi Salme alikufa mwaka 1924, katika nchi ya mbali. Hakutusikia, wala hakupungukiwa na kitu kwa kicheko chetu. Tena alikuwa binti wa mfalme, na watu wa nchi zote huwasema wafalme wao bila hofu ya dhambi. Wengi wetu hufikiri hivi: amri ya nane, ile itukatazayo kumshuhudia jirani uongo, ni kwa ajili ya walio hai, na kwa ajili ya watu wadogo wawezao kuumizwa. Aliyekufa si jirani tena, na mkubwa ni mali ya kila kinywa. Mawazo hayo mawili twataka kuyapima leo, ndugu zetu, na kipimo chetu kitakuwa habari ya bibi huyo huyo, kwa sababu bahari aliyoivuka ndiyo hii tuitazamayo kila siku.

Kwanza tuziweke mbele yetu habari zijulikanazo kwa hakika. Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, naye mama yake, jina lake Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakufundishwa, kwa maana wasichana hawakufundishwa kuandika. Basi akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yake alikufa baharini mwaka 1856, na mama yake akafa kwa kipindupindu mwaka 1859.

Mwaka huo huo wa 1859 ndugu wawili waligombania ufalme, Majid aliyetawala na Barghash aliyetaka kutawala. Salme alikuwa kijana wa miaka 15 tu, na kwa kuwa alijua kuandika, upande wa Barghash walimfanya mwandishi wa barua zao za siri. Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, na kwa hiyo wale wa upande wa kwanza wakamwona msaliti. Hivyo kabla hajamjua Mzungu yeyote alikwisha kuwa mtu mwenye maadui katika nyumba ya baba yake.

Katika mji wa Unguja nyumba yake ilikuwa karibu na nyumba ya mfanya biashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Wakajuana, wakapendana, naye akachukua mimba. Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, watu waliposhuka pwani kuoga kama desturi, Salme akapanda mashua, akapelekwa kwenye manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ikamchukua mpaka Adeni. Ruete hakuwa pamoja naye. Alibaki Unguja akimaliza shughuli za biashara yake. Basi hata lile neno la kwanza la msimulizi wetu, kwamba alitoroka pamoja na Mzungu wake, si kweli. Alitoroka peke yake, na mtoto tumboni.

Huko Adeni, mwezi wa Desemba 1866, alijifungua mtoto mwanamume. Miezi mitano ikapita kabla Ruete hajafika. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akaitwa Emily, na siku ile ile wakaoana, kisha wakasafiri kwenda Ulaya. Walikaa Hamburg, wakazaa watoto wengine watatu. Mwezi wa Agosti 1870 Ruete alianguka alipokuwa akishuka katika gari la reli la mjini lililovutwa na farasi, akafa. Mtoto wao wa mwisho alikuwa hajatimiza miezi minne, na mjane mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 26. Tangu hapo alihama mji hata mji katika Ujerumani, akifundisha Kiarabu ili apate kulea watoto. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha habari za maisha yake. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, asipokewe na ndugu zake. Baada ya hapo alikaa miaka mingi Beirut na Yafa, akafa mjini Jena tarehe 29 Februari 1924.

Hizo ndizo habari. Sasa tutazame watu walivyozitumia, kwa maana kila kundi lilimkata Bibi Salme kwa kipimo chake, kama fundi akatavyo kitambaa.

Waliomkasirikia nyumbani walimfanya mwanamke wa aibu na basi. Alikuwa ameacha dini ya wazee wake, na kwa sheria yao hana urithi tena. Jambo hilo twaweza kulifahamu, nasi hatulitukani. Lakini wenye kusengenya hawakuishia katika sheria. Walimwondolea akili yake, machozi yake na ujasiri wake wote, wakaacha kitu kimoja tu, mwili wake.

Watu wa Ulaya nao walimfanya binti mfalme wa hadithi, ndege aliyefunguliwa kutoka tunduni na kijana Mzungu. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiingereza mara moja, mwaka 1888, na wengi walikisoma ili wachungulie ndani ya nyumba ya wanawake. Lakini yeye mwenyewe alilalamika ndani ya kitabu hicho juu ya wasafiri wakaao majuma machache katika nchi za Waarabu, wasione mwanamke hata mmoja, kisha warudi kwao kuandika vitabu juu ya wanawake. Alipofika Ulaya hakuona kwamba ametoka gizani na kuingia nuruni. Aliona baridi, upweke, na watu waliomkodolea macho.

Wenye siasa wakamfanya hati ya madai. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walikuwa wamefanya mikataba yao huko Usagara na nchi za jirani, na Sayyid Barghash, ambaye sasa ndiye aliyetawala, akaikataa. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wa Unguja, na katika merikebu mojawapo alikuwamo mjane huyu pamoja na watoto wake, ili haki yake ya urithi iwe sababu moja zaidi ya kumbana ndugu yake. Barghash akalegea katika habari ya nchi. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipokwisha kupata walilolitaka, habari ya urithi wake ikaachwa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1888, Kampuni yao ilishika utawala wa pwani, vita vikatokea, na Bagamoyo ikaharibiwa vibaya. Wako wasemao hata leo kwamba Bibi Salme ndiye aliyewaleta Wadachi. Hilo pia ni masingizio. Vita vilitoka katika tamaa ya biashara na ya nchi, vingekuja hata kama yeye asingalizaliwa. Lakini tujifunze hapa jambo moja: kisa cha mapenzi kilichochekwa barazani mwaka 1866 kilikuwa kimefungwa katika mzigo wa siasa mwaka 1885. Masengenyo juu ya wakubwa si mchezo wa wavivu tu. Wenye nguvu huyaokota na kuyatumia.

Na sisi Wakristo je? Tusijitoe. Wako waliofurahi kumfanya nyara, wakisema, Tazameni, binti wa Sultani amebatizwa! Hawakuuliza alifundishwa kwa muda gani, wala nani alimshika mkono baada ya ubatizo. Yeye mwenyewe aliandika kwa uchungu kwamba alitoka kwao Mwislamu mwema, na sasa amekuwa Mkristo hafifu. Neno hilo latupasa kulisikia kwa unyenyekevu. Kumtukuza mtu kwa faida yetu bila kumjua ni dada wa kumsengenya.

Basi, hapa msomaji atatuuliza: "Lakini ile habari ya mimba ilikuwa ya kweli au si ya kweli?" Naam, ilikuwa ya kweli. Barua za ubalozi wa Kiingereza za wakati ule zaishuhudia, na kuzaliwa kwa mtoto kwaishuhudia zaidi. Waliovumisha hawakusema uongo katika neno hilo. Twajua methali yetu: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu huishika methali hii kama ngao. Husema, "Mimi sikuzua, nimesema lililopo."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Kama kosa la masengenyo lingekuwa uongo tu, basi lingekuwa kosa jepesi kuliepuka. Ingetosha kuuliza na kuhakikisha. Lakini mtu aweza kusema kweli tupu tangu mwanzo mpaka mwisho, na bado akawa amemwibia jirani yake. Amwibia vipi? Achukua jambo moja la kweli katika maisha yenye mambo elfu, na hilo moja alifanya kuwa mtu mzima. Bibi Salme aliishi karibu miaka 80. Alijifundisha kuandika peke yake, aliandika kitabu, alilea watoto watatu pasipo mume katika nchi isiyo yake; na mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alikuja kuandika kitabu cha maisha ya babu yake Sayyid Said, kilichotoka mwaka 1929. Barazani twazikumbuka siku chache tu za miaka hiyo yote. Kipande cha kweli kikikatwa hivyo huwa ushuhuda wa uongo.

Katekismo yetu haituagizi tuache uongo tu. Yatuagiza pia tumtetee jirani, tuseme mema yake, na jambo lake lenye mashaka tulielekeze upande ulio mwema. Je, agizo hilo lakoma kaburini? Sisi twasema halikomi, bali lazidi. Aliye hai akisingiziwa aweza kuja barazani na mashahidi wake akajitetea. Aliyekufa hana kinywa. Katika watu wote wahitajio mtetezi, hakuna mhitaji kuliko yeye. Tena neno lenyewe tulitumialo latufundisha. Twamwita marehemu, maana yake aliyerehemiwa. Kinywa kisemacho "marehemu" na papo hapo kumvua nguo, kinasema maneno mawili yasiyopatana.

Na ukubwa wake je? Wazee husema, Mkubwa ni jaa. Ni kweli, mkubwa yampasa kuvumilia taka zitupwazo kwake. Lakini methali hiyo yamfundisha mkubwa saburi. Haimpi mdogo ruhusa ya kutupa taka. Katika Ulaya mambo yalikuwa vile vile. Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, aliandikiwa vijitabu vingi vya matusi juu ya mapenzi yake, hata mwaka 1793, aliposhtakiwa mbele ya baraza la hukumu, wakadiriki kumsingizia uchafu juu ya mtoto wake mwenyewe; naye akawageukia akina mama wote waliokuwapo wamwamulie. Mpaka leo watu hurudia kwamba aliwaambia wenye njaa wale keki, ijapokuwa Rousseau alikwisha kuandika kisa cha namna hiyo juu ya binti mfalme asiyemtaja jina, wakati Marie Antoinette alipokuwa mtoto mdogo huko Austria. Na Katarina wa Pili wa Urusi, aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri huko Ujerumani kabla ya kuolewa, alitawala tangu mwaka 1762, akafa kwa kiharusi mwaka 1796. Juu ya kifo chake watu walizua neno chafu ambalo hatutaliandika hapa, na wako walijuao neno hilo wasiojua hata jambo moja la utawala wake wa miaka 34. Tazameni jinsi mambo haya yafananavyo. Mfalme mwanamume akipenda wengi, watu husema ni desturi ya wafalme. Mwanamke akitawala au akitoka, huulizwa kwanza alilala wapi.

Hata hivyo, ndugu zetu, tusiruke shimo moja na kutumbukia katika la pili. Wako waandishi wa siku hizi wanaotaka kumsafisha Bibi Salme mpaka abaki kama malaika. Hiyo si kweli, wala si upendo. Bibi Salme alikuwa na mashamba huko Kizimbani na Bububu, na kazi za mashamba katika Unguja ya siku zile zilifanywa na watumwa. Katika kitabu chake aliandika maneno ya kuutetea utumwa wa Waarabu, na ya kuwadharau Waafrika. Kwa sababu ya maneno hayo, kiwanja kimoja mjini Hamburg kilichopewa jina lake mwaka 2019, baraza la wilaya liliamua mwaka uliofuata kwamba jina hilo liondolewe.

Sisi wa Bagamoyo na pwani hii hatuwezi kuyapita maneno hayo kimya. Njia ya misafara iliishia hapa. Waliochukuliwa kutoka bara waliishukia pwani hii wamechoka, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja, kuchuma karafuu katika mashamba ya jamaa yake na ya matajiri wengine, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Wengi katika sharika zetu ni wajukuu na vitukuu vya watu wale. Je, tukiyataja maneno ya Bibi Salme juu ya utumwa, nasi twamsengenya marehemu?

Hapana, na sababu ndiyo hii. Tazameni Maandiko Matakatifu yanavyosimulia habari ya Mfalme Daudi na mke wa Uria. Hakuna habari ya mapenzi ya mfalme iliyoandikwa waziwazi kuliko hiyo. Biblia haikumfichia Daudi kitu. Lakini jiulizeni imeandikwa kwa ajili ya nani. Haikuandikwa ili tuchungulie chumbani. Ya chumbani imeyapita kwa maneno machache sana. Imekaa kwa Uria, aliyeuawa, na kwa nabii Nathani, ambaye hakwenda kulitangaza jambo barazani bali alikwenda kwa mfalme mwenyewe, akamwambia uso kwa uso kwa mfano wa maskini na mwana-kondoo wake. Habari ya Daudi yasimuliwa kwa ajili ya aliyedhulumiwa, na kwa ajili ya mkosaji ili atubu. Ndiyo maana si masengenyo, ijapokuwa ni aibu kubwa.

Basi twafikiri tumepata mpaka ulio kati ya mambo haya mawili. Haupiti kati ya kweli na uongo tu, wala kati ya aibu na sifa. Wapita hapa: Je, jambo hili lasemwa kwa ajili ya nani? Likisemwa kwa ajili ya aliyeonewa, apate haki na kukumbukwa, ni ushuhuda, nasi yatupasa kulisema hata kama lamhusu mfalme, hata kama lamhusu marehemu. Likisemwa kwa ajili ya kuyapendeza masikio ya waliokaa, ni masengenyo, hata likiwa la kweli. Maneno ya Bibi Salme juu ya watumwa yaliwahusu watu waliofungwa minyororo, yasemwe. Mapenzi yake na Ruete hayakumfunga mtu minyororo. Yaachwe yawe yake.

Kwa watu wa shauri na walimu wetu wa sharika twaongeza neno moja. Siku ile barazani, nyuma ya mlango walikuwako wasichana wa nyumba ile wakipika. Walikisikia kicheko chetu. Mmoja wao akipatwa kesho na shida kama ile ya Bibi Salme, je, atakuja kwa mwalimu aliyemsikia akicheka? Hatakuja. Atajificha, atakwenda kwa watu wa kumdhuru, au atatoroka usiku. Hivyo kicheko kisichoweza kumwumiza aliyekufa chaweza kumpoteza aliye hai. Mwalimu hujenga mlango wa nyumba yake kwa maneno anenayo juu ya watu wasiokuwapo, na mwenye shida huutazama mlango huo kabla ya kubisha hodi.

Kwa hiyo twashauri tujizoeze maswali matatu kabla ya kusimulia habari ya mtu, awe hai au amekufa, awe mkubwa au mdogo. La kwanza: Nani aliyeona? Maana mengi tuyasemayo juu ya chumba cha watu hayakuonwa na mtu yeyote. La pili: Nani aliyedhulumiwa, ili neno langu limsaidie? La tatu: Mwenye habari hii angekuwapo hapa, ningeisema hivi hivi mbele ya uso wake? Swali la tatu ndilo zito, nalo lingenyamazisha baraza nyingi kutoka Kunduchi mpaka Saadani, na vyumba vingi vya wazee wa kanisa pia.

Lakini msomaji mwenye macho atatushika na sisi. "Mbona ninyi mmeiandika habari ya mimba na ya mtoto, hali yeye mwenyewe katika kitabu chake alimpita mtoto huyo kimya?" Swali hilo ni la haki, nasi tulikaa nalo siku nyingi. Ukimya wake twauheshimu. Hatukuandika walivyopendana, kwa kuwa hayo yalikuwa yake na ya mumewe. Lakini mtoto si siri ya mtu. Mtoto ni mtu. Uvumi ulimtumia kama ushahidi wa aibu ya mama yake, kisha ukamtupa. Tulimtafuta kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu bibi mmoja mzee alimwuliza na sisi hatukuwa na jibu.

Tulipopita tena Bagamoyo tulikwenda kumwamkia, tukamkuta pale pale na ukili wake. Tukamwambia, "Shikamoo, bibi. Tumekuletea habari ya yule mtoto." Akaitikia, akaweka ukili chini. Tukamweleza kwamba alizaliwa Adeni, na kwamba mwaka 1867, wazazi wake walipokuwa safarini kwenda Ujerumani, alikufa katika nchi ya Ufaransa, asiifikie nchi ya baba yake, wala asiione ya mama yake. Bibi akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Jina lake nani?" Tukamwambia, "Heinrich, kama baba yake." Akajaribu kulitamka mara mbili, tatu, kwa ulimi wa pwani, mpaka likamkalia vizuri kinywani. Akasema, "Maskini. Na mama yake akaendelea na safari."

Hakusema zaidi, wala hakuna aliyecheka. Ndugu zetu, kama twataka kujua jinsi ya kumsema marehemu, na tuanze hapo alipoanza yule bibi. Mungu azilinde ndimi zetu, atupe na masikio ya kusikia yale ambayo uvumi haukuyauliza.